Kabla ya kuuza kihamba: kisa cha binti wa Uru na mashine ya sumaku

Walikuja watatu: binti, mama yake, na babu yake mzaa baba. Ilikuwa Jumanne ya mwisho ya Julai 2024, Moshi ikiwa kwenye ule ubaridi wa mawingu ambao mlima unaweza kujificha wiki nzima. Babu alikaa kiti cha karibu na mlango, koti amelifunga mpaka shingoni. Mama alinisalimia, akaweka mfuko mezani, na kabla sijauliza jina la mgonjwa akasema, "Sista, leo hatujaja kuandikiwa dawa. Tumekuja kuuliza. Tukiuza shamba tukampeleka India kwenye mashine ya sumaku, mtoto atapona?"

Babu hakuinua macho. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba mama alisema "shamba" ili kumstahi mkwewe. Kilichokuwa kinazungumzwa ni kihamba, kipande cha Uru chenye migomba, mibuni michache iliyobaki, na makaburi ya baba na babu wa mzee huyu. Mchaga anayesoma hapa hahitaji kuelezwa uzito wake. Kwa wengine niseme tu kwamba kihamba hurithiwa, hakipelekwi sokoni.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Kisa hiki nakiandika kwa idhini ya binti na mama yake. Nimebadilisha yanayoweza kumtambulisha na majina nimeyaacha kabisa. Swali la mama yule limenirudia mara kadhaa tangu siku hiyo, mara mbili kutoka kwa wazazi wa Arusha waliosikia habari za mashine hiyo ya kutibu sonona (depression), na kila mara nimeanza kulijibu kwa kuomba kuona bahasha za dawa.

Binti mwenyewe

Alikuwa na miaka 16, kidato cha tatu, shule ya bweni. Mpaka mwaka 2023 alikuwa wa saba darasani. Kuanzia Februari 2024 alama zikaporomoka, na mwalimu akaandika kwenye ripoti kwamba amekuwa jeuri na hajitumi. Mei matroni akampigia mama: mtoto hali, na usiku hasinzii. Alirudishwa nyumbani apumzike wiki mbili, hakurudi tena shuleni.

Nyumbani aliamka saa tisa usiku na usingizi haukurudi. Asubuhi, watu wakienda kukata majani ya ng'ombe, yeye ndiyo hawezi kuinuka. Alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya vijana, akaacha. Suruali ya michezo aliyokuja nayo ilikuwa imefungwa kiunoni kwa kamba ya viatu.

Nilimwomba mama na babu watupishe kidogo. Tukakaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Watu wanasema nina huzuni. Sista, ningekuwa na huzuni ningelia. Mimi sina kitu. Kanisani wakiimba naona midomo tu."

Nilimuuliza moja kwa moja kama amewahi kuwaza kujitoa uhai. Wapo wenzangu wanaoliogopa swali hili wakidhani litampandikizia mtoto wazo. Halipandikizi, tafiti zimelionyesha hilo, na mimi nimeliona kwa macho yangu. Alijibu ndiyo, tangu Juni, usiku hasa. Hajafanya lolote wala hana mpango. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama nitapeleka habari polisi. Wala halikuwa swali la kitoto. Kujaribu kujiua bado ni kosa katika Kanuni yetu ya Adhabu, na familia nyingi hunyamaza kwa hofu hiyo mpaka inakuwa kuchelewa. Nilimwambia kuwaza si kosa, na kwamba tutakayemshirikisha ni mama yake, yeye mwenyewe akiwepo. Kabla hawajaondoka tulikubaliana dawa zote za nyumbani na za kunyunyizia kahawa zihamie kwenye stoo ya jirani yenye kufuli, ufunguo akae nao babu, binti alale chumba kimoja na mama, na simu yangu iwe wazi kwao usiku na mchana. Hayo yalitangulia mengine yote, hata mazungumzo ya mashine.

Kwenye dodoso la maswali tisa tunalolitumia kupima sonona alipata 19 kati ya 27. Kuanzia 20 tunaiita sonona kali. Yeye alikuwa mlangoni.

Bahasha mezani

Mama hajatupa hata bahasha moja. Mfukoni mlikuwa na bahasha kumi na moja za dawa, zile ndogo za kaki ambazo mfamasia huandika kwa kalamu 1x3 au 2x2, pamoja na karatasi za vipimo zilizokunjwa kunjwa. Nikaanza kuzipanga kwa tarehe. Mama anauza ndizi na maparachichi soko la Mbuyuni, mikono yake imezoea kupanga mafungu. Akanisaidia, na baada ya dakika chache meza nzima ilikuwa kalenda ya miezi mitano ya mtoto wake.

Machi, dawa ya malaria. Machi hiyohiyo, antibaotiki, "UTI". Aprili, antibaotiki nyingine, "UTI sugu". Mwisho wa Aprili, taifodi. Kisha vitamini, kisha dawa za minyoo. Mei, amitriptilini ya miligramu 25, 1x1 usiku, kwa ajili ya "kichwa na usingizi"; hii aliendelea kuinunua kila ikiisha. Katikati ya Juni hakuna bahasha. Mama alisema hizo ni siku saba za maombi. Na mwisho kabisa, bahasha iliyoandikwa fluoksetini miligramu 20, 1x1 asubuhi, kapsuli 14. Ilikuwa tupu.

"Hii ilimsaidia?" nikauliza.

"Hapana sista. Alimaliza zote, hakuna kitu. Mjomba wake akasema basi hiyo ni sonona sugu, dawa zimekataa."

Niliishika bahasha ile kwa muda. Kapsuli kumi na nne ni siku kumi na nne. Fluoksetini huchukua wiki nne mpaka sita kabla mtu hajaweza kusema imefanya kazi au imeshindwa. Hakuna aliyemwambia mama arudi, hakuna aliyemwambia kwamba wiki mbili za mwanzo kwa kawaida hazionyeshi kitu. Nilikasirika, na sijaimaliza hasira hiyo, ingawa namfahamu vizuri mtu aliye upande wa pili wa dirisha la dawa, mwenye foleni ya watu arobaini na dakika tatu kwa kila mmoja.

Amitriptilini ilinisumbua zaidi. Kwa watu wazima ni dawa ya zamani inayosaidia. Kwa vijana wenye sonona, dawa za kundi lake hazijaonyesha faida ya maana kuzidi kidonge kisicho na dawa ndani yake, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema wasipewe kwa ajili hiyo. Ikizidishwa ni hatari kwa moyo, jambo ambalo kwa mtoto mwenye mawazo kama ya huyu linatosha kuiondoa nyumbani. Tena alikuwa anaimeza pamoja na fluoksetini, ambayo hupandisha kiwango cha amitriptilini mwilini. Nilimuuliza mama kuhusu kukauka mdomo na kusinzia. Akashika kichwa: ndizo wiki mtoto alizokuwa analala akiwa amekaa mezani, na watu wakasema ugonjwa umezidi.

Na kwenye meza ile hakukuwa na alama yoyote ya mtu aliyewahi kukaa na binti huyu akamsikiliza. Hilo halina bahasha.

Kwa hiyo sonona yake haikuwa sugu. Ilikuwa haijatibiwa. Maneno haya mawili yakichanganywa, familia hujikuta inatafuta tiba ya mwisho kabla ya kupewa ya kwanza. Tunayo takwimu nzuri ya tiba ya kwanza. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Marekani wa vijana 439 wa miaka 12 hadi 17 wenye sonona. Baada ya wiki kumi na mbili, waliopata fluoksetini pamoja na tiba ya mazungumzo walioimarika ni asilimia 71. Fluoksetini peke yake, 61. Mazungumzo peke yake, 43. Kidonge kisicho na dawa, 35. Utafiti mwingine, wa 2008, uliwachukua vijana 334 ambao dawa ya kwanza kweli ilikuwa imewashindwa. Waliobadilishiwa dawa na kuongezewa tiba ya mazungumzo waliitikia kwa karibu asilimia 55, dhidi ya 41 kwa waliobadilishiwa dawa tu. Yaani hata mlango wa kwanza ukigoma, upo wa pili, na wote wawili unaweza kufunguliwa hapa Moshi.

Dainamo ya baiskeli

Mjomba hakuwa amewadanganya, na nilitaka wajue hivyo. Anaishi Marekani, na alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la ukoo kwamba mamlaka ya chakula na dawa ya huko, FDA, imeruhusu mashine ya sumaku kwa sonona ya vijana. Ni kweli. Machi 2024 mashine inayoitwa NeuroStar iliruhusiwa kwa wenye miaka 15 hadi 21. Kwa watu wazima iliruhusiwa tangu 2008.

Babu ndiye aliyeuliza swali la maana kuliko yote asubuhi ile. "Hiyo sumaku inaingiaje kichwani bila kupasua?"

Nikamuuliza kama amewahi kumiliki baiskeli yenye dainamo. Kwa mara ya kwanza akatabasamu. Alikuwa nayo, akiendea nayo Kiboriloni usiku. Basi ni kanuni ileile, nikamwambia, ile Michael Faraday aliyoigundua mwaka 1831: sumaku ikicheza karibu na waya, umeme unazaliwa ndani ya waya bila chochote kuunganishwa. Kwenye dainamo, gurudumu linazungusha sumaku na taa inawaka. Kwenye mashine hii, koili ya waya inawekwa kichwani, umeme mkali unapita ndani yake kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, sumaku inazaliwa na kufa, na kule kupanda na kushuka kwake kunazaa umeme kidogo ndani ya seli za ubongo zilizo chini ya koili. Fuvu huuzuia umeme; sumaku haliizuii. Inafika sentimita mbili tatu tu, basi. Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, ndio walioonyesha mwaka 1985 kwamba pigo moja la namna hii kwenye sehemu ya ubongo inayoongoza mkono linaufanya mkono uruke wenyewe.

Mpaka leo matibabu huanza hivyohivyo. Mhudumu anatafuta mahali ambapo pigo linakirusha kidole gumba cha mkono wa kulia, anapima nguvu inayohitajika, halafu anaisogeza koili mbele, upande wa kushoto juu ya paji la uso, eneo ambalo kwa mwenye sonona mara nyingi limepoa. Mgonjwa amekaa macho kwenye kiti, masikio yamezibwa kwa sababu koili inagonga kama kigong'ota kwenye mti mkavu. Mpango wa kawaida ni mapigo 10 kwa sekunde kwa sekunde 4, mapumziko sekunde 26, tena na tena mpaka mapigo 3,000 yatimie. Hiyo ni dakika 37 na nusu, siku tano kwa wiki, wiki sita. Upo mpango mpya zaidi wa dakika tatu tu. Utafiti wa 2018 kwa watu wazima 414 ulionyesha hauzidiwi na ule mrefu.

Mama alikuwa na hofu yake. "Kwa hiyo si ile shoti?" Hapana, ile ni tiba nyingine, ya kupitisha umeme kichwani mgonjwa akiwa amelazwa usingizi wa dawa, ambayo nayo inaokoa watu na haistahili jina baya ililopewa. Kwenye sumaku hakuna usingizi wala kupoteza fahamu. Wengi huumwa kichwa au ngozi ya kichwa siku za mwanzo. Degedege hutokea mara chache sana.

Neno "degedege" lilimfanya mama amtazame babu. Binti alipokuwa na miaka mitatu alipata degedege la homa, mara mbili. Na nyumbani wanafuga nguruwe. Degedege la homa la utotoni peke yake mara nyingi halina athari baadaye, lakini kanda yetu ya kaskazini inajua minyoo ya tegu ya nguruwe inavyoweza kuweka vifuko kwenye ubongo na kuleta kifafa. Hospitali za Mbulu zimewaona wagonjwa hao miaka mingi. Mtu mwenye kifafa, au mwenye kitu ubongoni kinachoweza kukiamsha, hawekwi kwenye kiti kile kabla ya kuchunguzwa kwa makini. Hapo nilisitisha maelezo nikaandika swali hilo kwenye fomu ya rufaa kwa daktari bingwa wa KCMC, hospitali ya rufaa hapa Moshi. Niliwaza kama wangekuja kuulizwa swali hilo kwa mara ya kwanza wakiwa Bengaluru, kule India, kihamba kikiwa tayari na jina la mtu mwingine.

Mashine isiyo na sumaku

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na kikao cha ukoo, Uru, nami nikaalikwa. Mjomba alikuwepo kwa simu, imeegemezwa kwenye birika la chai. Ni mtu mwerevu na anampenda mpwa wake, na alikuwa na haki ya kupata jibu lenye namba.

Nilimweleza hivi. Kabla ya ile ruhusa ya 2024, kampuni hiyohiyo yenye mashine iligharimia jaribio la vijana 103, wa miaka 12 hadi 21, ambao dawa zilikuwa zimewashindwa. Matokeo yakachapishwa. Vijana 48 walipata sumaku ya kweli kwa wiki sita. Vijana 55 walikalia kiti kilekile, wakasikia kugonga kulekule kwa koili, bila sumaku kupenya; wenyewe hawakujua. Walioitikia kwenye kundi la kwanza ni 20, asilimia 41.7. Kwenye kundi la pili ni 20 pia, asilimia 36.4. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kusema sumaku ndiyo iliyofanya kazi.

"Sasa FDA wamepitishaje?" akauliza. Walitazama kumbukumbu za zaidi ya vijana elfu moja waliotibiwa kwenye kliniki za kawaida, wengi wao wakiwa wameimarika, na usalama wake kwa umri huo. Kumbukumbu hizo hazina kundi la kulinganisha. Na ruhusa yenyewe inasema mashine iwe nyongeza juu ya tiba nyingine, ambayo mtoto wetu hakuwa nayo. Sikumwambia mashine haifai. Kwa watu wazima ambao dawa zimewashindwa ushahidi wake ni mzuri, na kwa kijana aliyemaliza dawa mbili kwa kipimo na muda unaotakiwa, akapata na tiba ya mazungumzo, na bado amelala kitandani, mimi mwenyewe ningeandika barua ya kumwombea safari. Wagonjwa wa namna hiyo wapo, na natamani kiti kile kiwepo karibu nao.

Kikaoni nilijikuta nikiongea zaidi kuhusu wale 20 wa kundi la pili. Hawakupata sumaku. Walipata nini? Wengine bila shaka wangepata nafuu tu kwa kupita kwa wiki, sonona ya vijana hufanya hivyo wakati mwingine. Lakini tazama siku yao: kila siku kijana anainuka, anaoga, anapelekwa mahali, saa ileile. Mtu yuleyule anampokea kwa jina lake, anamuuliza amelalaje, anaandika jibu. Mara thelathini. Binti wa Uru alikuwa amekaa miezi miwili chumbani, na watu wakimpitia mlangoni kumwambia ajikaze.

Shangazi mmoja akasema, "Hayo si hata sisi tunaweza?" Hata sikuwa nimefika huko.

Mpango ukaundwa palepale, kwenye viti vya plastiki chini ya mgomba. Wiki sita, kama za mashine. Fluoksetini ingeandikwa na daktari wetu, kapsuli za mwezi kamili, na mtu wa kuzihesabu. Amitriptilini ingeondolewa. Kila Alhamisi binti angekuja kwangu kwa saa moja. Na kila asubuhi saa moja na nusu, mvua au jua, yeye na babu wangepeleka maziwa kituoni, kwenda na kurudi kama dakika arobaini. Mjomba alinyamaza kidogo, akauliza kama mazungumzo na matembezi ni tiba kweli au ni kujipa moyo. Nikamtajia Harare, Zimbabwe, ambako kina bibi waliofundishwa kutatua tatizo moja baada ya jingine, wakiwa wamekaa na mgonjwa kwenye benchi, walipunguza sonona ya watu wazima kwenye jaribio lenye ulinganisho lililochapishwa 2016. Alikubali wiki sita. Nauli aliyokuwa ameanza kuitenga akaigeuza kuwa ya dawa na daladala.

Babu alisema sentensi moja kikao kizima. "Kama zikipita na mtoto bado, mimi nitasaini."

Wiki sita zetu

Hazikuwa nzuri. Wiki mbili za mwanzo nilimpigia mama kila jioni, kwa sababu dawa hizi kwa vijana zinaweza kuleta wasiwasi na kuongeza mawazo ya kujiua mwanzoni. FDA iliweka onyo hilo mwaka 2004, na onyo maana yake ni kumwangalia mtoto kwa karibu, si kumnyima dawa. Alikuwa na kichefuchefu na mikono ilitetemeka. Damu ilionyesha hemoglobini 9.6, yaani upungufu wa damu, akaanzishiwa vidonge vya madini ya chuma. Sehemu ya ule uchovu ilikuwa ya kawaida kabisa na hakuna aliyeipima kati ya vipimo vyote vya malaria.

Wiki ya tatu alilala mpaka saa kumi na moja alfajiri. Alhamisi hiyo akaniambia kilichotokea Februari. Simu ilikamatwa bwenini, wasichana wakaamini yeye ndiye aliyemwambia matroni, wakamsusa. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Akikaa mezani, wao wanahama. Akiuliza kitu, wanaongea kana kwamba hayupo. Siku sabini na kitu. Alizihesabu. Si yeye aliyesema, na hata angekuwa yeye, mtoto wa miaka 16 hafai kuishi miezi miwili bila kujibiwa salamu. Ripoti iliyosema "jeuri" iliandikwa mwezi huohuo.

Wiki ya nne ilikuwa mbaya. Mawazo yalirudi usiku mbili mfululizo, mama akanipigia saa nane za usiku, akataka dawa zisimamishwe na mjomba aambiwe akate tiketi. Alikuwa analia. Asubuhi daktari alimwona binti, tukazungumza kwa muda mrefu, dawa ikaendelea. Siku hiyo pia walipeleka maziwa, wamechelewa, saa nne.

Babu alinunua daftari. Kila wakirudi kutoka kituoni aliandika tarehe, namba ya siku, na neno moja: kimya, kimya, mvua, kimya, aliongea. Mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la nne, herufi kubwa zimekandamizwa mpaka ukurasa wa nyuma unasomeka kwa kidole. Ya thelathini aliiwekea duara. Nilipolinganisha daftari lile na dodoso langu, lake lilikuwa sahihi zaidi. Neno "aliongea" lilianza siku ya 16, wiki moja kabla ya alama zangu kusogea.

Mwisho wa wiki ya sita alama zilikuwa 13. Kutoka 19 hiyo ni nafuu, haijawa kupona. Daktari akapandisha fluoksetini mpaka miligramu 40. Majibu ya KCMC yalikuja: hakuna dalili ya kifafa wala kifuko ubongoni. Kwa hiyo mlango wa mashine haukufungwa, na niliiandikia familia ukurasa mmoja unaosema ni lini tutaubisha: kama dozi hii kamili ikishindwa, na dawa ya pili ikishindwa, Alhamisi zikiendelea. Mjomba ameutunza ukurasa huo kwenye simu yake.

Wiki ya kumi na mbili, Oktoba, alama zilikuwa 7. Alikuwa na siku mbaya bado, na anazo mpaka sasa. Dawa ataendelea nayo miezi mingi baada ya kujisikia mzima. Hilo tumelirudia mpaka mama analisema kabla yangu. Januari 2025 alianza upya kidato cha tatu, shule ya kutwa.

Kabla ya hapo, Desemba 2024, sikukuu hazijafika, walikuja wote watatu tena. Mama aliweka mezani bahasha moja tu. Babu akatoa daftari ndani ya koti, akanisogezea bila kusema. Hesabu ilikuwa imefika 121. Kuanzia 94 mwandiko ulikuwa mwingine, mdogo, wa kulalia kulia, na mahali pa neno moja palikuwa na mistari miwili mitatu. Nilimuuliza binti kwa nini yeye ndiye anayeandika sasa. Akasema babu anaumwa goti, hawezi kupanda ile njia. Maziwa anapeleka mwenyewe.